Namna ya Kuanzisha na Kuendesha Kikundi cha Familia za Waraibu wa Dawa za Kulevya

Mraibu wa heroini anayetaka kuacha ana mahali pa kuanzia hapa Tanzania. Kliniki ya kwanza ya methadoni, dawa ya kunywa inayomwondolea mraibu mateso ya kukosa heroini, ilifunguliwa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwezi Februari 2011, zikafuata za Mwananyamala na Temeke jijini Dar es Salaam, kisha Zanzibar na mikoa mingine, na dawa yenyewe hutolewa bure. Zipo pia nyumba za upataji nafuu, ambazo mitaani tunaziita soba hausi. Mama wa mraibu huyo, mke wake, kaka yake au rafiki aliyesoma naye hana mlango kama huo wa kubisha. Analala na pochi chini ya mto, anafungia mtungi wa gesi na pasi chumbani kwake, anashtuka kila anaposikia ukelele wa "mwizi!" usiku kwa sababu anajua kwamba wenye hasira hawamsubiri polisi, na asubuhi anawaambia majirani kuwa kijana amekwenda shamba kwa babu yake. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo, anayetaka kuwakutanisha wenzake wachache wapate mahali pa kusema ukweli mara moja kwa wiki.

Kikundi ni cha nani

Jambo la kwanza la kukubaliana, kabla ya jina, kabla ya mwenyekiti na kabla ya chai, ni kwamba kikundi hiki ni cha familia na marafiki wenyewe. Hakikutani kupanga namna ya kumkamata kijana wa mtu na kumpeleka soba hausi kwa nguvu, wala hakimtibu mraibu yeyote. Anayekuja anakuja kwa sababu yeye mwenyewe halali, hali vizuri, amegombana na ndugu zake, au ameanza kuwachukia watu anaowapenda.

Msimamo huu una sababu zaidi ya heshima. Utafiti mmoja uliochapishwa nchini Marekani mwaka 1999 ulilinganisha njia tatu za kuwasaidia watu ambao ndugu zao walikuwa walevi na wamekataa tiba. Waliofundishwa stadi za kuzungumza na kuishi na mlevi, kwa njia iitwayo CRAFT, walifanikiwa kuwaingiza ndugu zao katika tiba kwa asilimia 64; walioandaliwa kumkabili mlevi katika kikao cha familia walifikia asilimia 30; na walioelekezwa kwenye vikundi vya familia vya aina ya Al-Anon walifikia asilimia 13 tu. Ukiishia hapo utasema vikundi havina maana. Utafiti huohuo, hata hivyo, ulionyesha kwamba hali ya ndugu wenyewe, yaani msongo wao, hasira zao na uhusiano wao na mlevi, iliimarika kwa kiwango kinachokaribiana katika njia zote tatu. Kwa hiyo anayejiunga na kikundi akitarajia kwamba mwanawe ataacha unga baada ya miezi mitatu ameahidiwa kisichokuwepo, na anayejiunga ili apate nafuu yeye mwenyewe ana matumaini ya haki. Mwambieni kila mgeni jambo hili siku ya kwanza, kwa upole lakini bila kuzungukazunguka.

Vikundi vya Al-Anon, vilivyoanza Marekani mwaka 1951 kwa ajili ya familia za walevi, na vya Nar-Anon, vilivyofuata kwa ajili ya familia za watumiaji wa dawa za kulevya, vina usemi ambao unafaa kuazimwa hata na wasiotaka kufuata mpango wao wote: hukuusababisha uraibu wake, huwezi kuudhibiti, na huwezi kuuponya. Kwa mama ambaye mawifi zake wamemwambia kwa miaka kwamba alimdekeza mtoto, sehemu ya kwanza ya usemi huo peke yake yaweza kuchukua vikao kadhaa kuingia moyoni.

Watu wa kwanza, mahali na jina

Watu watatu wanatosha kuanza. Mahali pazuri pa kuwapata ni pale ambapo familia tayari zimevuka aibu ya kwanza: kwenye benchi la kliniki ya methadoni, ambako ndugu huwasindikiza wagonjwa katika siku za mwanzo, na kwenye soba hausi siku ya kutembelea wagonjwa. Zungumza na muuguzi au ofisa ustawi wa jamii wa kliniki, umwombe amweleze ndugu anayeonekana kuelemewa kwamba kikundi kipo, kisha amwachie uamuzi. Asikupe wewe namba ya simu ya mtu. Ampe mtu namba yako. Asasi za kijamii zinazowafuata waraibu vijiweni nazo huzifahamu familia nyingi. Matangazo ya kipaza sauti msikitini au kanisani, hata yakitolewa kwa nia njema, hayafai, kwa maana atakayeinuka baada ya tangazo hilo atakuwa amejitaja mbele ya mtaa mzima.

Kuhusu mahali, epukeni kukutana kwa zamu nyumbani kwa wanakikundi. Mwenyeji atajiona analazimika kupika, majirani watauliza kuna shughuli gani, na mraibu mwenyewe anaweza kuingia katikati ya mazungumzo yanayomhusu. Ofisi ya serikali ya mtaa ina kasoro nyingine: kila apitaye anaona nani ameingia. Chumba cha kituo cha afya baada ya saa za kazi, darasa la shule siku ya Jumamosi, au ofisi ya asasi inayoaminika ni bora zaidi, kwa sababu mtu ana visingizio vingi vya kuonekana hapo. Saa moja na nusu inatosha. Kikao kinachoanza saa kumi alasiri na kumalizika saa kumi na moja na nusu kinampa mama nafasi ya kurudi kuandaa chakula cha jioni, na mwezi wa Ramadhani mtalazimika kukihamisha, kwa kuwa saa hiyo nusu ya wanakikundi wamo jikoni wanaandaa futari.

Jina liwe la kawaida kabisa. "Kikundi cha Jumamosi" linafaa. Jina lolote lenye maneno dawa za kulevya, waraibu au hata matumaini litasomwa na mtu mwingine kwenye simu ya mwanakikundi. Na kwa kuwa vikundi vyetu vinapenda sare, niseme mapema: msishone sare. Vitenge vya aina moja vinavyopendeza harusini vitawatangaza wote mtakapofuatana kwenda kumzika kijana wa mwenzenu.

Ni vema mtu mmoja amweleze mwenyekiti wa serikali ya mtaa, au sheha kwa upande wa Zanzibar, kwamba kuna wazazi wachache wanaokutana kupeana moyo kuhusu malezi na maradhi katika familia. Maelezo hayo ni ya kweli na yanatosha. Kusajili kikundi kwenye halmashauri kupitia kwa ofisa maendeleo ya jamii ni hatua nyingine, na binafsi naona isiharakishwe, kwa sababu usajili unahitaji katiba, viongozi na orodha ya majina, na orodha ndiyo kitu ambacho wanakikundi wengi wanakiogopa. Wakitokea wachache wanaotaka kuomba mkopo wa halmashauri, waanzishe kikundi kingine kwa kazi hiyo.

Siri

Kanuni ya siri haitoshi kutajwa. Inahitaji kufafanuliwa hadi kila mtu aelewe mipaka yake. Kinachosemwa kikaoni hakirudiwi nje, hata kwa mume au mke. Mkikutana sokoni mnasalimiana kama watu wanaofahamiana tu, na hakuna kuulizana "kijana anaendeleaje?" mbele ya watu. Haulizwi mtu ambaye hakuja kikao kilichopita alikuwa wapi. Na mwanakikundi ana haki ya kueleza mambo yake mwenyewe peke yake. Habari ya kijana wa jirani, hata ikiwa inafanana kabisa, haina nafasi kikaoni.

Kundi la WhatsApp ndilo linaloharibu siri kuliko mdomo. Simu zetu hushikwa na watoto, huachwa kwenye chaji sebuleni, na huibwa na haohao tunaowazungumzia. Kama lazima liwepo, liwe la kutangaza siku na saa ya kikao tu, kwa idhini ya kila anayeingizwa, kwani namba yake itaonekana kwa wote. Lisiwe na ujumbe wa sauti wa watu wanaolia, wala zile video za mateja waliosinzia barabarani ambazo watu hutumiana kwa kicheko. Mwenye dharura ampigie mwanakikundi mmoja aliyemchagua.

Liko jambo la usalama ambalo halina mjadala: majina ya wauzaji hayatajwi kikaoni. Ni vigumu, kwa sababu mara nyingi mzazi anamjua pusha wa mwanawe na hata mlango anaopitia. Lakini neno moja likivuja kwamba kikundi fulani kinataja watu, wanaohudhuria wote wamewekwa hatarini. Anayetaka kutoa taarifa aitoe mwenyewe, kwa simu yake, nje ya kikundi. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure, 119, ambayo pia hutumika kuomba ushauri kuhusu tiba. Kwa walioko Kenya, NACADA, mamlaka ya huko ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, hupokea simu bure kwa namba 1192.

Kikao kinavyokwenda

Viti vipangwe kwa duara, bila meza kuu. Mwezeshaji wa siku hiyo anakumbusha kanuni kwa maneno machache, kisha inakuwepo dakika moja ya ukimya ambayo kila mtu anaomba kwa dini yake au anapumzika tu. Katika miji ya pwani kikundi kitakuwa na Waislamu na Wakristo pamoja, na sala ndefu ya upande mmoja, ikiongozwa na mtu mwenye kipaji cha mahubiri, itawaondoa wa upande wa pili bila wao kusema neno.

Baada ya hapo kila mmoja anapewa kama dakika tano. Anaweza kuzitumia zote, anaweza kusema "leo nasikiliza tu", na hakuna anayemkatiza. Ugumu upo kwa wasikilizaji, kwa kuwa kwetu anayeeleza shida hujibiwa hapohapo kwa ushauri, na kunyamaza huonekana kama kukosa utu. Fikirieni mama anayesema kwamba juzi mwanawe alikuja saa nane usiku akitetemeka kwa kukosa heroini, kamasi zinamtoka, akamwambia, "Mama, nipe elfu tano tu, nina arosto, nitakufa," naye akampa, kisha akakaa jikoni hadi alfajiri akijilaumu. Kabla hajamaliza, mmoja atataka kusema "ungemwita baba yake", mwingine "mimi nisingempa hata kidogo", na wa tatu atauliza kwa nini alimfungulia mlango. Kila sauti hapo inamrudisha kwenye kiti cha mshtakiwa alichokuwa amekalia jikoni. Mwezeshaji anasema, "Mama anaendelea." Akimaliza, wanasema "pole, mama" na zamu inahamia kwa jirani yake.

Ushauri una wakati wake katika nusu saa ya mwisho, na hutolewa kwa anayeuomba. Hata hapo, kanuni nzuri ni kusema ulichofanya wewe na kilichotokea, badala ya kumwambia mwenzako afanye nini. "Mimi nilianza kulala na simu imezimwa, wiki ya kwanza nilikuwa na hofu kubwa" ni kauli ambayo msikilizaji anaweza kuichukua au kuiacha.

Uwezeshaji uzunguke kila mwezi. Karibu kila kikundi humpata mtu mmoja, mara nyingi mwalimu au mkunga mstaafu, ambaye anaongoza vizuri kiasi kwamba wengine wanaridhika kumwachia, na baada ya muda kikundi kinakuwa chake. Akiugua, vikao vinakufa. Wanaume nao wana tatizo la namna yake: wengi hawaji, na wanaokuja huanza kwa kutoa hotuba kuhusu malezi ya siku hizi. Wavumilieni vikao viwili. Mara nyingi baba aliyeanza kwa hotuba ndiye anayekuja kusema, siku nyingine kabisa, kwamba hajamsemesha mwanawe tangu alipomfukuza na hajui amelala wapi. Marafiki pia waalikwe waziwazi, kwa sababu rafiki hujiona hana haki ya kulalamika mbele ya wazazi, ingawa huenda yeye ndiye aliyempeleka mraibu hospitali mara zote.

Fedha

Kikundi kisiwe na mfuko. Najua ushauri huu unakwenda kinyume na desturi yetu, ambapo watu watano wakikutana mara tatu wanaanza mchezo au kikoba, na vikoba vimewainua wengi. Hapa vina madhara mahususi. Mama anayedaiwa na pusha wa mwanawe atakopa ili kumlipa, atashindwa kurejesha, na ataacha kuja kwa aibu, wakati yeye ndiye aliyehitaji kikao kuliko wengine. Kila mtu ajinunulie chai yake. Pakitokea msiba, rambirambi itoke mkononi mwa mtu mmoja mmoja.

Fedha za nyumbani, kwa upande mwingine, zitakuwa mada yenu kubwa kwa miezi mingi, na ni sawa. Watafiti wa Uingereza waliozisikiliza familia kwa miaka mingi katika nchi mbalimbali wanaeleza kwamba ndugu wa waraibu hukabiliana na hali kwa namna tatu: kustahimili, ambako ndiko kutoa fedha, kulipa madeni na kuficha mambo, kupambana, yaani kugombana, kupekua mifuko, kuweka masharti, na kujitenga, yaani kujenga maisha yako kando au hata kuhama. Hawasemi kwamba mojawapo ni sahihi na nyingine ni kosa. Kila namna ina faida na gharama, na gharama hizo hazifanani kwa mama mjane mwenye chumba kimoja na kwa kaka anayetuma fedha kutoka Muscat. Zoezi linalofaa kufanywa mara kwa mara ni kumwacha mwanakikundi ataje jambo moja analolifanya, kwa mfano kumpa mwanawe nauli kila asubuhi, kisha aeleze mwenyewe linampa nini na linamgharimu nini. Kama anahofia kwamba bila nauli hiyo mwanawe ataiba na kuchomwa moto na wananchi, hofu hiyo ina msingi na isidharauliwe. Huenda akaamua kuendelea. Huenda akaamua kumpeleka yeye mwenyewe kliniki kwa daladala na kumlipia nauli palepale.

Anayeamua kuacha kutoa fedha asaidiwe kuyafanyia mazoezi maneno atakayoyasema, kwa sauti, mbele ya wenzake. Maneno mafupi hushikika zaidi: "Mwanangu, hela sitakupa. Chakula kipo, kaa ule. Siku ukitaka kwenda kliniki, hata iwe alfajiri, niamshe." Mwanakikundi mmoja aigize kijana, abembeleze, alie, atukane, aseme "basi utanizika wewe". Mama arudie maneno yaleyale. Kujaribiwa hivyo katika chumba salama kunasaidia, kwa kuwa usiku wa manane akili haitungi sentensi.

Matumizi mengine ya kuzungumzwa ni ada ya soba hausi, ambayo familia nyingi huuza kitu ili kuilipa. Kabla ya kulipa, nendeni wawili mkaulize: Je, nyumba inafahamika kwa Mamlaka? Nani analala hapo usiku kusimamia? Anayeugua anapelekwa wapi? Mwenye dawa za kifua kikuu au za kufubaza virusi vya Ukimwi anaruhusiwa kuendelea nazo? Ndugu wanatembelea lini? Kuna adhabu ya viboko au minyororo? Mhusika asiyetaka kujibu maswali hayo, au anayetaka miezi sita ilipwe mbele, amekwisha kujibu.

Mambo ya kiafya ambayo kila familia iyajue

Tengeni kikao kimoja kila baada ya miezi michache, mualike muuguzi wa kliniki ya methadoni au mfamasia aje kufundisha. Yafuatayo yasikosekane.

Arosto ya heroini huanza saa chache baada ya dozi ya mwisho, hukaza katika siku mbili au tatu za kwanza, na huanza kupungua ndani ya wiki moja. Mtu hupiga miayo, hutokwa machozi na kamasi, husimama vinyweleo, hutapika, huharisha na kuumwa mifupa. Inatisha kuitazama, na hatari yake kubwa kwa mtu mwenye afya ni kuishiwa maji mwilini. Tofauti ni kwa aliyezoea pombe kali kila siku au vidonge vya kutuliza kama Valium, ambaye kukatishwa ghafla kwaweza kumletea degedege na kumuua. Hivyo familia isimfungie mtu chumbani "mpaka zimtoke" bila kujua alikuwa anatumia nini.

Hatari inayosahaulika zaidi ipo pale kila mtu anapofurahi. Aliyetoka soba hausi, gerezani au hospitali akiwa safi, mwili wake hauvumilii tena kiwango alichokuwa akitumia zamani. Akirudia kwa kete ileile anaweza kufa siku hiyohiyo. Wiki za kwanza za kurudi nyumbani ni za kuwa karibu naye, na wanafamilia wajue dalili za kipimo kilichozidi: haamki hata akitikiswa, anapumua kwa nadra au anakoroma isivyo kawaida, mboni za macho zimekuwa ndogo mno, midomo na kucha zimegeuka kijivu au bluu. Mpelekeni hospitali mara moja. Wakati usafiri unatafutwa, asiachwe peke yake. Kama hapumui vya kutosha apuliziwe pumzi mdomoni, na kama anapumua alazwe ubavu ili asipaliwe na matapishi. Maziwa, maji ya chumvi, kumwagiwa maji baridi na kupigwa makofi havimrudishi, na hupoteza muda. Hospitali ina dawa ya naloksoni inayopindua nguvu ya heroini, lakini kazi yake huisha mapema kuliko heroini yenyewe, kwa hiyo akizinduka na kutaka kuondoka, mshawishini abaki chini ya uangalizi.

Kuhusu methadoni, ndugu wengi hulalamika kwamba ni "kubadilisha unga kwa unga". Muuguzi aeleze kwamba dawa hiyo kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, humwondolea mtu arosto bila kumpa nishai ya heroini, na kwamba miaka ya kuinywa si kushindwa. Aeleze pia hatari ya kuichanganya na pombe au vidonge vya usingizi, na kwamba rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hupunguza nguvu yake, kiasi kwamba mgonjwa aliyeanza dawa za kifua kikuu anaweza kupata arosto akiwa anakunywa dozi yake kama kawaida. Mama anayelijua hili atamrudisha mwanawe kliniki aongezewe dozi, badala ya kumtuhumu kwamba ameanza tena.

Yanayozidi uwezo wa kikundi

Mwanakikundi akieleza kwamba anapigwa au anatishiwa kwa kisu, kusikiliza hakutoshi. Mmoja amsindikize kwenye dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi, na wazungumze naye mapema kuhusu mahali atakapolala usiku huo. Panapokuwa na watoto wanaoteswa au kutelekezwa, namba 116 ni ya bure Tanzania na Kenya. Anayesema amechoka kuishi aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua, asiachwe arudi nyumbani peke yake, na apelekwe hospitali. Bibi anayelea wajukuu kwa sababu wazazi wao wote wawili wako kijiweni anahitaji ofisa ustawi wa jamii kuliko anavyohitaji maneno yetu.

Wapo watakaosema kijana amerogwa. Msibishane nao, kwani ubishi huo hauna mwisho na utawagawa. Kinachokatazwa ni mtu kuleta mganga, dawa za mitishamba au maji ya upako kuuza kikaoni, na kumwambia mwenzake aache kumpeleka mtu kliniki.

Kijana wa mwanakikundi akifa, nendeni msibani mmoja mmoja kama watu wengine, kaeni na mfiwa, msieleze mnajuana vipi. Hakuna haja ya kutaja chanzo cha kifo hata kama mtaa mzima unakijua. Mfiwa abaki kuwa mwanakikundi muda anaotaka, na hali kadhalika yule ambaye mtu wake ameacha. Huyu wa pili ana thamani kubwa, ila aangaliwe asije akageuka mtaalamu. Akirudia kusema "mimi wangu alipona kwa sababu…", mwezeshaji amkumbushe dakika zake tano.

Wakifika zaidi ya kumi na wawili, zamu hazitoshi tena na wanyamavu huanza kupotea bila kuaga. Gawanyikeni, kundi jipya likiondoka na watu wawili walio na uzoefu wa kuwezesha, lipate chumba chake na siku yake, na lichague lenyewe kanuni zake isipokuwa tatu: siri, kutokuwa na mfuko, na kutotaja wauzaji.